Kireno cha Iguguno

Ukiingia uani kwa Mwalimu, ulikuwa hukai mpaka umefaulu mitihani miwili. Wa kwanza ni shikamoo, na shikamoo yenyewe iwe ya kusimama, si ile ya kurusha huku mguu mmoja bado uko juu ya pikipiki. Wa pili ni swali. Alikuwa anakutazama juu ya ungo wake wa alizeti, anakuuliza, "Ulipoingia, nilikuwa nafanya nini?" Hapo unajibu kwa Kireno. A senhora estava a peneirar. Mama, ulikuwa unapepeta. Ukikosea unarudi mpaka kwenye uzio wa minyaa, unaingia upya, unaanza na shikamoo tena. Nimeshuhudia dereva wa lori, baba mzima mwenye kitambi na wajukuu, akirudishwa uzioni kama mtoto wa chekechea. Na akarudi! Nani angebishana naye?

Watu wanaosimama barabarani kununua mafuta ya alizeti kwenye meza yangu hawaniamini nikiwaambia kwamba hapa Iguguno kuna watu kadhaa wanaoongea Kireno. Wanadhani nawatania ili wanunue dumu la pili. Lakini ndivyo ilivyo, na wote tumetoka kwenye ua mmoja. Walikuja madereva wa safari za kusini, wakaja vijana wanaokwenda Msumbiji kutafuta maisha, akaja hata sista mmoja aliyekuwa anahamishiwa huko, mpole kama nini, naye pia alirudishwa uzioni.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo waulizeni wanaoyapenda. Mimi nilimjua akiwa tayari ana mvi, tayari ana nyumba yake jirani na mashine ya kukamulia alizeti, na tayari anagombana na mwenye mashine kuhusu kelele. Tulichokijua sote ni kifupi: aliolewa Msumbiji, akaishi huko miaka, mume akafia huko wakati wa vita vyao, naye akarudi na sanduku la bati na hiyo lugha. Vijana wa bodaboda walimwita Bibi Bondia, kwa sababu alikuwa anawasalimia "bom dia" kila asubuhi. Wageni walidhani aliwahi kupigana ngumi. Kwa ukali aliokuwa nao, hawakuwa wamekosea sana.

Mkali, ndiyo, lakini mtu wa ajabu. Sukari alikuwa anaificha mpaka anaisahau yeye mwenyewe alikoiweka, ila kuku alikuwa anagawa bila kufikiri. Ukisifia jogoo wake tu, unaondoka naye amefungwa miguu. Kanisani alikuwa anakaa mlangoni kabisa, eti ili awahi alizeti yake mvua ikitishia, na nyimbo zikianza yeye ndiye sauti ya juu kuliko kwaya. Hakupenda kupigwa picha. Hakupenda mtu anayekula huku anaongea. Na korosho ndiyo usiseme. Wale madereva wakirudi kusini walikuwa wanamletea zawadi ya korosho, kwa kuwa mtu aliyeishi Msumbiji utamletea nini kingine? Alikuwa haziruhusu hata zivuke mlango. "Toa hizo hapa," anasema, na uso unabadilika. Mtu anabaki na kifuko chake mkononi, hajui amekosa nini. Tukadhani zinamdhuru tumbo.

Kufundisha kwake hakukuwa na kitabu wala ubao. Ulijifunza huku unafanya kazi yake, na kazi ilikuwa haiishi. Unachambua mlenda, unatwanga, unafagia ua, na kila unachofanya unakitaja, kisha anakugeuzia: jana saa hizi ulikuwa unafanya nini? Jirani yako alikuwa anafanya nini? Mvua ilipoanza, nani alikuwa wapi? Estava a chover, mvua ilikuwa inanyesha. Estava a varrer, nilikuwa nafagia. Walimu wengine, nasikia, wanaanza na kuhesabu na rangi. Yeye alianzia hapo, kwenye mambo yaliyokuwa yanaendelea, na wengine hatukuwahi kutoka hapo. Mpaka leo siwezi kumwambia Mreno bei ya kitunguu, lakini naweza kumweleza kijiji kizima kilikuwa kinafanya nini jana jioni.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anatung'ang'aniza hapo. Alikuwa amekunja kanga ya kufutia mikono, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ukiniambia alifua, umeniletea nguo," akasema. "Ukiniambia alikuwa anafua, umeniletea mtu."

Nikacheka, nikadhani ni maneno ya uzee.

Kubisha naye alikuwa anabisha mpaka na wenye lugha. Alipita padri mgeni, Mbrazili, akasimamishwa barabarani na pancha, akasikia mama mzee anamsalimia kwa lugha ya kwao. Padri wa watu karibu alie kwa furaha. Wakakaa, wakaongea, na katika kuongea padri akamwambia kwa upole kwamba kwao hawasemi estava a fazer, yaani alikuwa anafanya, wanasema estava fazendo, inatosha. Weee! Mwalimu akaweka kikombe chini. "Kwenu semeni hivyo," akamwambia. "Hapa Iguguno tunasema hivi." Utadhani Iguguno tumezungumza Kireno tangu enzi za mababu. Padri akacheka mpaka akashika tumbo, na alipoondoka alikuwa na jogoo kwenye gari.

Yule dereva mwenye kitambi naye alikuja na kisa chake. Alisimamishwa na polisi huko huko Msumbiji, na Kireno chake chote kilikuwa hicho cha uani. Akamweleza askari: nilikuwa naendesha, nilikuwa nachoka, nilikuwa natafuta mahali pa chai, nilikuwa namfikiria mke wangu. Askari akamsikiliza, akamtafutia kigoda. Mwalimu alikisikia kisa kile, akatikisa kichwa tu, lakini siku nzima alikuwa anaimba.

Sasa niseme langu.

Kaka yangu alikwenda Nampula kutengeneza baiskeli. Alioa huko huko, mwanamke wa Kimakua ambaye sisi tulimjua kwa sauti ya simu tu, na Kiswahili chake chote kilikuwa "karibu", "asante" na "chakula". Halafu siku moja Mtanzania mwenzake aliyekuwa mji mwingine akatupigia: kaka amefariki ghafla, ameshazikwa, poleni sana. Basi. Yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameambiwa na mtu.

Mtu wa kwetu anaelewa balaa ya simu ile. Msibani kwetu, kila anayekuja, hata kama ameshasikia njiani, anakaa chini, ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Ilikuwaje?" Na mfiwa anaeleza. Aliamkaje, alikula nini, alisema nini, alikuwa wapi. Akija mwingine, inaelezwa tena kuanzia mwanzo. Kufikia jioni mfiwa amelisema jambo lile mpaka limeanza kumwingia mwenyewe. Sasa watu walikuja kwetu, wakakaa, wakamuuliza Mama, "Ilikuwaje?" Mama yangu akawa anatazama mkeka. Hana cha kusema. Mtoto wake amekufa na yeye hana hata neno moja la kumpa mgeni. Jamani, sijaona aibu na uchungu vikikaa pamoja kwenye uso wa mtu namna ile.

Siku ya kuanua tanga ikafika, Mama akakataa. Wazee wakambembeleza. Akasema tanga lenyewe halijakaliwa, litaanuliwaje? Wageni wakatawanyika, yeye akabaki palepale chini kwenye mkeka wa sebuleni, halali kitandani, hashiki jiko, uji anaunywa nusu. Alikuwa anaisha huku namwona.

Nikakimbilia kwa Mwalimu. Nani mwingine?

"Mwalimu, tutampigia wifi yangu. Wewe utamuuliza, atakwambia, na wewe utamwambia Mama. Basi, imekwisha."

"Hapana."

"Hapana vipi?"

"Habari ya kifo inapokelewa na mtu wa nyumba hiyo. Nikiipokea mimi, mama yako atabaki na maneno ya jirani. Ameshaletewa maneno ya jirani kwenye simu, yamemsaidia nini?"

"Mwalimu, Mama analala chini!"

"Basi jifunze haraka."

Nilitoka pale nimefura. Mtu anayegawa majogoo ananinyima maneno? Njia nzima nilikuwa namsema peke yangu, mpaka mwenye mashine ya alizeti akaniuliza nagombana na nani. Lakini asubuhi nilirudi, ningefanyaje. Naye wala hakuonyesha kwamba tumekorofishana. Shikamoo. Marahaba. "Ulipoingia, nilikuwa nafanya nini?"

Vingine vyote akaviweka pembeni. "Huendi sokoni wewe, unaenda msibani," akaniambia. Nikajifunza kuuliza alikuwa anafanya nini, na kusikia jibu likija, hata likija kwa haraka, hata likija limevunjika. Ili nizoee, yeye mwenyewe alikuwa anajifanya mjane. Anakaa chini, ananipa mgongo, anaongea Kireno cha mbio, katikati analia, na mimi nidake kilichosemwa ndani ya kilio. Alikuwa analia vizuri mno. Mabega yanatetemeka, pumzi inakatika, mpaka nywele zinanisimama. Kisha anageuka ghafla, macho yamelowa, ananiuliza, "Haya, nimesema nini?" Nikawa namsifu kwa kuigiza.

Simu ya kwanza niliiharibu. Wifi alipopokea tu, mimi na malezi yangu nikaanza salamu. Kwetu huwezi kumvamia mtu na shida yako, lazima umsalimie inavyostahili. Nikamuuliza hali yake, nikamuuliza nyumba, nikamuuliza watoto wa jirani, mvua, mashamba, mbuzi. Yote kwa Kireno, najisikia Mreno kweli kweli! Mama yuko pembeni kwenye mkeka ananitolea macho. Nikafika kwenye kuku, vocha ikaisha.

Mwalimu alipoelezwa alishika nguzo ya mlango asianguke. "Umemuuliza mjane habari za mbuzi!" Alicheka mpaka nami nikacheka, na kucheka huko kukanigeukia kilio. Akaniacha nilie. Kisha akaniambia, "Mpigie kesho. Mwambie pole moja, halafu uulize. Usiogope kimya chake."

Nikampigia, simu nimeiweka spika, Mama karibu. Nikasema pole. Nikauliza, taratibu, kama nilivyofundishwa: O que é que ele estava a fazer? Alikuwa anafanya nini?

Kimya. Mama akanitazama. Sikuogopa.

Kisha wifi akaanza, polepole, kwa maana hata yeye Kireno kilikuwa cha shuleni, nyumbani kwao wanasema Kimakua. Tulikuwa wawili tunaotembea kwenye nyumba ya mtu mwingine gizani, tunashikana mikono. Estava a remendar a câmara. Nikamwambia Mama: alikuwa anaziba tyubu ya baiskeli. Eu estava a pilar. Wifi alikuwa anatwanga. Kaka alikuwa anacheka na mtoto wa jirani, aliyekuwa anamshikia pampu. Halafu wifi akasema, estava a comer mandioca.

"Alikuwa anakula muhogo," nikamwambia Mama.

"Nani?"

"Kaka."

"Muhogo? Huyu huyu? Muhogo wa nini?"

"Wa kuchemsha, Mama. Mkono mmoja muhogo, mkono mmoja tyubu."

Mama akainuka kidogo kutoka kwenye mkeka. "Mtoto huyu nilimpiga kwa sababu ya muhogo! Alikuwa anautupia mbwa!" Na akacheka. Nawaambia alicheka, mama yangu, mkono umeziba mdomo. "Basi huyo mwanamke alimweza," akasema. "Mwambie alimweza."

Sikujua kulisema hilo kwa Kireno. Nikamwambia wifi tu kwamba Mama anacheka, a mãe está a rir, na kule nako nikasikia mtu anacheka na kulia kwa pamoja. Yaliyobaki akayasema: kaka alimwita jina, akaweka tyubu chini vizuri, akakaa, akalala ubavu. Roho haikuchelewa. Mama aliomba yarudiwe yote kuanzia tyubu, yakarudiwa.

Kesho yake asubuhi Mama alioga. Watu wakasikia, wakaanza kuja upya, na safari hii kila aliyeuliza ilikuwaje alipata jibu. "Alikuwa anaziba tyubu," Mama anaanza, "muhogo mkononi, yule yule aliyekuwa anawapa mbwa." Mwalimu naye alikuja, na kanga yake nyeusi. Akakaa chini na miguu yake mibovu, akanyamaza kidogo, akauliza, "Ilikuwaje?" Kama vile hajui lolote! Mtu aliyenifundisha kila neno la simu ile. Akasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, na penye muhogo akacheka, na pa kulala ubavu akafuta macho. Niliwahi kumheshimu Mwalimu kwa mengi, lakini siku ile nilimpenda.

Mama alipomaliza, kwa kuwa roho yake ilikuwa imefunguka, akamuuliza, "Na wewe mwenzangu, wa kwako ilikuwaje? Hukuwahi kutuambia."

"Wa kwangu yuko kwenye Kireno," Mwalimu akasema. Akaomba mkono wa kumwinua, akaaga.

Tanga likaanuliwa. Miaka imepita, Mama naye ametangulia, na yake niliyasimulia mimi kwa kila aliyekuja, wala sikukosa maneno. Mwalimu miguu ikamshinda kabisa, ndugu zake wakampeleka Mwankoko kwa binti wa mdogo wake, karibu na hospitali. Mashine ya alizeti sasa inapiga kelele bila mtu wa kuigombeza.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, na dumu langu la mafuta. Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Ungo wake umetundikwa ukutani, safi, hauna kazi. Amepungua, lakini jicho ni lile lile. Shikamoo, nikiwa nimesimama. Marahaba. Nikasubiri, na likaja.

"Ulipoingia, nilikuwa nafanya nini?"

Nikatazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa anafanya chochote. Sikupepesa macho, nikajibu, a senhora estava a esperar. Mwalimu, ulikuwa unasubiri.

"Namsubiri nani?"

Sikuwa nimepanga kusema nilichosema. Niliona mkeka umetandikwa pale barazani, nikavua viatu, nikakaa chini na kunyoosha miguu kama tunavyokaa msibani. Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamuuliza kwa Kireno chake: "E ele, Mwalimu? O que é que ele estava a fazer?"

Na yeye, alikuwa anafanya nini? Nilidhani atanirudisha getini. Alinitazama muda mrefu. Halafu akaanza, sauti ya chini.

Estava a assar castanha. Mume wake alikuwa anachoma korosho. Moshi wa korosho ni mzito, mweusi, una mafuta, na Mwalimu alikuwa amefua mashati meupe ya kanisani, ameyaanika kambani. Eu estava a ralhar. Alikuwa anamgombeza. Yule mume alikuwa anacheka tu, uso umejaa masizi, alikuwa anamwita aje aonje moja ya moto, na yeye alikuwa haendi, alikuwa anaanua mashati yake kwa hasira. Wenye bunduki walikuwa wanapita barabarani. "Shati lilikuwa mkononi," akasema, "bado limelowa." Hakusema alikufa. Hakulitumia neno hilo hata kidogo.

Akalia. Na mimi nikakijua kile kilio. Mabega yale yale, pumzi ile ile inayokatika, ndicho alichokuwa ananifundishia uani kwake, nami nikimsifu. Miaka yote ile alikuwa anafundisha watu lugha, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kukaa chini akamuuliza. Sikumwambia pole haraka.

Binti wa mdogo wake akatoka ndani na birika la chai, akatuona, akashtuka. "Mama mkubwa, kuna nini? Ilikuwaje?"

Mwalimu akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Weka birika," akamwambia. "Kaa chini." Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejifunza, "Alikuwa anachoma korosho. Na mimi nilikuwa namgombeza."

Nikasogea kwenye mkeka, binti apate pa kukaa.